Fungu la Bi Wadha

"Ami, mbona wewe una duka?" alisema binti wa dirisha namba sita, na Sleyum akacheka.

Hakucheka kwa kufurahi. Kazi hana tangu miezi miwili, siku ile kampuni ya kutoa mizigo bandarini ilipowaaga watu thelathini kwa barua ya mistari minne, na asubuhi hii kakaa foleni ya fao la wasio na kazi tangu saa mbili na kikaratasi cha namba mkononi, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi asitambulikane. Kutambulikana alishatambulikana. Mtu wa kwanza aliyemkuta pale alikuwa dereva wake wa zamani, na yule bwana, badala ya kunyamaza kama watu wenye haya, alipiga ukelele, "Khee, Sleyum! Na wewe umo?" Ukumbi mzima ukageuka kumtazama.

"Duka gani, binti yangu?"

Binti aliigeuza kompyuta kidogo. Alikuwa mdogo, pengine sawa na Noof, mwanawe, na adabu anayo. "La kushona nguo za kike, mtaa wa Ruwi. Jina lako, kitambulisho chako, na mfanyakazi mmoja chini yako. Mwenye duka hahesabiwi kuwa hana kazi, ami. Fao haliwezi kutoka."

"Lakini lile si langu! La mwanamke mmoja tu, mie nimempa jina."

Neno lilikwisha kumtoka ndipo akakumbuka kasimama wapi. Kumpa mgeni jina lako afanyie biashara ni kosa kwa sheria, na mtu mzima kama yeye kalitamka ofisini mwa serikali, tena kwa sauti. Wallahi, mtu akikosa kazi hata akili humkimbia. Binti alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

"Hilo mimi sikulisikia," alisema. "Na wewe usilirudie. Una siku kumi na nne. Ama ulihamishie jina la mtu mwengine, ama ulifunge. Ukimaliza njoo, utapata fao lako la miezi sita."

"Na mfanyakazi?"

"Duka likihama, anahama nalo. Likifungwa, itabidi atafute mtu mwengine wa kumchukua, na wewe umtilie saini karatasi ya kumwachia. Asipopata, anarudi kwao."

Sleyum alishukuru, kwa sababu alilelewa kushukuru, akatoka nje juani.

*

Mchana mkewe, Rawya, alipakua wali na maharage na achari ya ndimu. Samaki wa nguru hajaonekana nyumba ile tangu mwezi uliopita, na hakuna aliyemuulizia. Mjomba Msellem, kaka wa marehemu Bi Wadha, mama yake Sleyum, alikuwepo kama kawaida. Tangu afiwe na mkewe hula kwao kila mchana, mzee wa miaka sabini na tisa, kanzu yake nyeupe pe, na maneno hayamwishi.

Sleyum aliwaeleza yote. Rawya alisikiliza huku anakwangua ukoko.

"Kwanza hilo fao lenyewe," alisema, "kwa watu tutaliitaje? Watu wa Jaifar wanakuja Alkhamisi ya tatu kutoka leo kumposa Noof. Nimeshawambia baba yake yupo bandarini."

"Ulisema nipo bandarini?"

"Ningewambia nini, Baba Noof? Kuwa umekaa unatazama mashine ya kufulia ikizunguka?"

Mjomba Msellem alicheka mpaka akakohoa. "Waingereza wana jina lake la mtaani. Dole. Si dole la mkononi, wao hulitamka kwa kulivuta, doool. Mimi nimelila hilo dole Portsmouth, miaka ile tuliyokimbilia huko kutoka Unguja. Kila Alkhamisi unapanga foleni, unatia saini kuwa huna kazi, unapewa. Siku moja nliungana foleni na mzee mmoja wa Kiingereza, aliwahi kuwa mwalimu, pombe ikamwangusha. Akanambia, unajua neno hili limetoka wapi? Nkamwambia sijui. Akanambia, asili yake ni fungu. Kitu kilichogaiwa. Zamani kwao tajiri akifa, maskini wanakusanywa mlangoni kwa kanisa wanagaiwa mikate, ili wamwombee. Ule mkate ndio dole. Na zamani zaidi ya hapo, dole la mtu ni lile fungu aliloandikiwa duniani, zuri au baya. Baada ya ile vita yao ya kwanza, serikali ilipoanza kuwapa wasio na kazi, watu wa mtaani wakalitoa lile neno la mkate wa maskini wakawabandika nalo."

"Kuwakejeli," alisema Sleyum.

"Kuwakejeli, ndiyo. Lakini yule mwalimu akanambia jengine. Akasema, Msellem, kumbuka, fungu halidondoki mbinguni. Ukipewa wewe, jua kuna pahala limekatwa."

"Langu limekatwa kwenye mshahara wangu mwenyewe!" Sleyum aliupiga mkeka kwa kiganja. "Kila mwezi walinikata. Hii si sadaka ya mtu, mjomba. Haki yangu."

"Haki yako, mwanangu. Nani kasema si haki yako?"

Kisha Sleyum alisema lile alilokuwa akilizunguka tangu alipokaa. Alisema Mwanaidi, yule mwenye duka, hana kosa. Alisema wote watatu walikuwepo chumbani siku ile mama anakata roho, Bi Wadha ulimi mzito kwa kiharusi, na maneno yake waliyasikia na kuapa kuyatimiza: Mwanaidi kanikosha na kunigeuza miaka mitatu, asirudi tena kufanya kazi kwenye majumba ya watu, Sleyum mpe jina lako afungue duka lake la cherehani. Mkono wa mama alikuwa kaushika yeye. Sasa duka halihitaji kitu ila jina. Mama Noof analo jina. Mjomba analo jina.

Rawya aliuweka chini mwiko.

"Mimi?"

"Jina tu, Mama Noof. Hatukuombi kitu."

"Nilimkosha mama yako mimi miaka minne, kabla ya huyo Mwanaidi kuijua hata njia ya kuja kwetu. Minne! Mgongo wangu mpaka leo haunyooki. Siku ya kufa kagawa: bangili kampa dada yako, mkufu kampa Noof, wasia kampa mtumishi. Mimi fungu langu lilikuwa lipi? Nitajie. Lilikuwa beseni la kufulia mashuka. Leo ndiyo mnakumbuka kuwa Rawya ana jina?"

Bi Wadha, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke mwema kwa wageni. Mke wa mwanawe alimwona kama ukuta wa nyumba, upo tu, na ukuta hauulizwi.

Sleyum akamgeukia mjomba wake. Mzee alikuwa kashughulika na punje moja ya wali iliyoangukia kifuani.

"Mimi mzee, Sleyum. Nife niache duka kwa jina langu, watoto wagombane?"

"Duka la cherehani mbili, mjomba. Nani atagombania?"

"Si hilo." Sauti ya mzee ilishuka. "Kule Portsmouth nilikuwa nikikosha sahani hotelini jioni, na Alkhamisi nakwenda kutia saini kuwa sina kazi. Mtu akanisema. Bwana mkubwa wa ofisi ya fao akaniwekea karatasi mbili mezani, zote mbili zina jina langu. Nlikojoa, Sleyum. Mwanamme mzima, nlikojoa kwenye kiti. Tangu siku ile jina langu halikai pahala pawili. Nisamehe, mwanangu. Lolote jengine, si hilo."

Akasimama kwenda kunawa mikono. Hivyo ndivyo watu wawili walioapa mbele ya mama anayekata roho walivyomaliza chakula cha mchana.

*

Siku ya tisa Sleyum alikwenda Ruwi. Alijiambia anakwenda kumweleza Mwanaidi uso kwa uso, maana kumwambia mtu jambo kama lile kwa simu ni uhayawani.

Duka lilikuwa nyuma ya kituo cha mabasi, kati ya fundi simu na muuza masanduku. Cherehani mbili, kioo, pazia la kubadilishia nguo. Mwanaidi alikuwa mwanamke wa Tanga, mnene, wa miaka arubaini hivi, na alipomwona alisimama na sindano bado mdomoni.

"Haa! Arbabu wangu, tajiri wangu! Leo jua limetoka upande gani? Karibu kaka, karibu, kaa hapo, toa hiyo mikasi. Shikamoo ya kwanza hiyo, ya pili nakupa ukiondoka."

"Marahaba, Mwanaidi. Nlikuwa napita tu."

"Unapita tu, nami ninakuwaza hapa. Tazama." Alilivuta gauni la kijani kutoka nyuma ya pazia, limetariziwa kifuani kwa uzi wa fedha, kazi ya wiki nzima. "La Noof, la siku ya posa. Mama yake hajui, usimwambie. Nataka limshtukize. Na neno la bei usilitamke humu ndani, nitakufukuza dukani kwako mwenyewe."

Alicheka kwa hilo la "dukani kwako". Sleyum alijitahidi kucheka naye. Alikwenda kusema, mdomo ukafunguka, na lililotoka likawa, "Rangi nzuri."

Mwanaidi alimtazama. Wanawake waliouguza wanaujua uso wa mtu, hawahitaji kuambiwa. Aliivuta droo ya cherehani akatoa bahasha.

"Kaka Sleyum, mimi nimesikia. Mji mdogo huu. Nimesikia kazi imesimama tangu mwezi ule, nikasema kwa nini hajaniambia? Sisi wanawake wa hapa tunacheza mchezo, tuko kumi, kila mmoja anatoa chake, anapewa mmoja. Mwezi huu zamu yangu. Chukua."

"Siwezi, Mwanaidi."

"Unaweza. Ni fungu langu, ninampa nimtakaye. Mama yako aliponipa langu, nilimwambia siwezi?"

Hapa ndipo mtu angesimama akasema, dada yangu, usinipe kitu, nimekuja kukufukuza nchini. Maneno mafupi tu. Lakini nyumbani umeme ulikuwa na notisi ya pili mlangoni, na Alkhamisi ilikuwa inahitaji halwa, kahawa, udi na mbuzi, kwa sababu watu wa bandarini hawapokei wageni kwa maharage. Sleyum aliipokea ile bahasha. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Mungu akuzidishie," alisema.

"Amina. Na mwambie Noof aje tumjaribishe, kiuno nimekisia kwa macho tu."

Mpaka anafika kituo cha mabasi alikuwa bado anajiambia kuwa atamwambia kesho.

*

Siku ya kumi na tatu alilifunga duka. Kulifunga kulichukua dakika ishirini na tano, na nyingi katika hizo alikuwa anasubiri mashine ichapishe risiti. Binti wa dirisha namba sita alimwuliza kama keshamwarifu mfanyakazi wake, akasema ndiyo.

Mwanaidi alipata habari kwa ujumbe wa serikali kwenye simu, kwa Kiarabu, akaupeleka kwa fundi simu amsomee. Kisha akapiga. Sleyum aliitazama simu ikitetemeka juu ya meza ya chakula. Ilitetemeka asubuhi, ikatetemeka adhuhuri, na Rawya akasema, "Ama ipokee ama izime, inanitia kichefuchefu." Akaizima. Ilipowashwa tena kulikuwa na ujumbe wa sauti, hakuusikiliza. Gauni lililetwa na muuza masanduku, limekunjwa vizuri ndani ya mfuko, bila ya neno lolote.

Noof alilivaa mbele ya kioo, likamkaa kama kazaliwa nalo.

"Mama, kashona nani?"

Rawya aliigusa ile nakshi ya kifuani, akaifuata kwa kidole mpaka mwisho wake. Aliijua ile kazi. "Fundi," alisema, akaingia jikoni, na huko akalia kidogo, kwa hasira au kwa jengine, hata mwenyewe hakujua.

*

Alkhamisi baada ya alasiri wageni walifika, wanaume watano, wa mbele yao Bwana Khalil, baba yake Jaifar, mtu mkubwa wa tumbo na wa tabasamu, naye wa asili ya Unguja kama wao. Udi ulifuka, kahawa ikapita, halwa ikafunuliwa. Mjomba Msellem alikaa pembeni ya mgeni, ndiye aliyesema maneno ya kumkaribisha, na aliyasema vizuri. Mambo yalikuwa yanakwenda. Tayari Bwana Khalil alikuwa keshasema, "Sisi tumekuja kuomba, na mwombaji hana haya," na watu wakacheka.

Kengele ya mlango ikalia. Sleyum akainuka.

Mwanaidi alikuwa amesimama ngazini, baibui limejaa vumbi upindo, karatasi mkononi. Chini barabarani gari nyeupe ilikuwa inanguruma, na dereva wake kaweka mkono juu ya honi.

"Sikai, kaka," alisema kwa haraka, chini chini. "Sina maneno na wewe. Yaliyopita yamepita. Nimepata nyumba Seeb, kazi za ndani, wana mzee wa kuuguza. Yule ndiye mtu wao wa kushughulikia makaratasi. Anataka saini yako tu hapa, ya kuniachia. Ruhusa yangu ya kukaa inaisha Jumapili, na Ijumaa na Jumamosi ofisi hakuna. Ana mwanamke mwengine garini wa nafasi hiyo hiyo. Kasema dakika tano."

"Leta. Leta upesi." Na wallahi alikuwa anataka kutia saini. Alijipapasa kifuani, hana kalamu. Kanzu ya wageni, kalamu ataitolea wapi? "Ngoja."

Aligeuka, na Bwana Khalil alikuwa mlangoni mwa majlisi ya wageni, simu sikioni, katoka kutafuta pahala penye mtandao. Aliishusha simu.

"Kheri? Nani huyu bibi?"

Sleyum alikuwa na majibu mengi. Huyu ni Mwanaidi aliyemuuguza mama yangu. Huyu ni fundi aliyelishona gauni la mkweo. Huyu alikuwa na duka kwa jina langu, na nimelifunga ili nipate fao, kwa sababu, bwana, bandarini sipo tena, nimedanganya. Jibu moja lingevuta la pili, na la pili la tatu, mpaka lifike kwenye ile bahasha iliyonunua halwa mliyokula sasa hivi.

"Maskini," alisema Sleyum. "Anapita milangoni."

Alilisema kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ndicho walichokuwa wakizungumza. Mwanaidi alikuwa hatua mbili kutoka kwake.

"Lo, siku ya posa hafukuzwi mwenye kuomba!" Bwana Khalil alitia mkono mfukoni, akachomoa noti ya rial kumi, akaitia kiganjani mwa Sleyum na kukifunga. "Mpe wewe, mwenye nyumba. Kwa mkono wako, iwe kheri ya watoto."

Akasimama kusubiri, anatabasamu.

Sleyum alinyoosha mkono. Macho yake yalikuwa yanamwambia Mwanaidi mambo, lakini macho hayatii saini. Mwanaidi aliitazama noti. Akamtazama yule bwana mnene mlangoni, akausikia udi, akaona viatu vya wageni vimepangwa, na akaelewa yote, maana hakuwa mjinga. Chini honi ikapigwa, mara moja, ndefu.

Aliikunja karatasi mara nne akaificha ndani ya baibui. Kisha akauinamisha mgongo kidogo, kama wainamishavyo wanaopita milangoni, akaipokea noti kwa mikono miwili.

"Mungu awazidishie, matajiri," alisema kwa sauti ya juu, ya kuvuta. "Awape watoto kheri na vizazi vyema. Amrehemu na mama wa mwenye nyumba hii, alipo."

"Amina," alisema Bwana Khalil.

Mwanaidi alizishuka ngazi taratibu, kashika ukuta. Gari nyeupe ilikuwa imeshaondoka.

"Umeona?" Bwana Khalil alimshika Sleyum bega wakirudi ndani. "Maskini wa siku hizi wengi waongo, lakini huyu dua yake imetoka moyoni. Wa kupewa ndio hawa."

Majlisini Mjomba Msellem alikuwa kageukia mlangoni. Ile sauti aliijua, miaka mitatu alikuwa akiisikia chumbani kwa dada yake. Alimtazama Sleyum mara moja, kisha akaliinamia sinia la halwa, akakata kipande kizuri, chenye lozi nyingi, akampitishia mgeni.

"Enhe," alisema Bwana Khalil, anakaa, anavuta kanzu magotini. "Na huko bandarini je? Kazi inakwenda?"

Sleyum alimimina kahawa. Matone mawili yakamwagikia mkekani, akayafuta kwa kidole.

"Alhamdulillahi," alisema. "Inakwenda."